Mtungi wa gesi wa ruzuku Tabora: namna ya kuupata, kuukagua na kumudu kuujaza

Ndugu zetu walioko Marekani wakisikia serikali inachangia gharama za kubadilisha vifaa vya nyumbani, wanawaza pampu za joto, yaani mashine za umeme za kupasha nyumba, na viyoyozi. Sheria yao ya mwaka 2022 iliwapa wenye nyumba nafuu ya kodi ya hadi dola 2,000 kwa pampu ya joto, na aliyeitaka alilazimika kusubiri hadi ajaze fomu zake za kodi. Tabora kifaa kinachokula hela kila siku kwa ajili ya joto kiko jikoni, nacho ni jiko la mkaa. Ruzuku ya kukibadilisha haina fomu za marejesho. Bei inakatwa hapohapo unaponunua: unalipa nusu, unabeba mtungi, unaondoka.

Kazi inaanza mtungi ukiisha. Nimeona mitungi mingi ya ruzuku imegeuzwa stuli ya kukalia au imewekwa juu ya kabati kama pambo, kwa sababu mwenye nyumba alijipanga kununua tu, hakujipanga kujaza. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye hesabu na ukaguzi kuliko kwenye foleni.

Ruzuku yenyewe ni ipi

Inasimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, chombo kilichotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Wengi wetu tunakijua kwa nguzo za umeme. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. REA ni mmoja wa watekelezaji wakubwa.

Mradi wake wa gesi ulipangwa kwa mitungi 452,445 ya kilo 6 nchi nzima, kila wilaya ikitengewa 3,255, kwa ruzuku ya asilimia 50. Mkoa wetu una wilaya saba: Tabora, Uyui, Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo na Kaliua. Zidisha, unapata mitungi 22,785. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,391,679 mkoani, maana yake ni mtungi mmoja kwa watu wapatao 149. Basi ukisikia "mitungi imeisha" usidhani lazima kuna mchezo umechezwa. Ilikuwa michache tangu mwanzo.

Unachouziwa ni seti: mtungi wa kilo 6 ukiwa na gesi ndani, kichomeo cha kusokota juu yake, na chuma cha kukalishia sufuria. Bei za ruzuku zilizotangazwa mikoani zimekuwa zikicheza kwenye shilingi 17,500 hadi 20,000 hivi, kutegemea kampuni iliyopewa eneo na umbali wa kusafirisha.

Ruzuku haigusi ujazo wa pili wala wa kumi. Haigusi mtungi wa kilo 15 wala jiko la pleti mbili. Atakayekwambia ana "kadi ya kujaza kwa nusu bei ya serikali" muage kwa heshima.

Piga hesabu kabla hujatoa shilingi

Hapa ndipo pa kukaa chini na kalamu. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina joto la megajuli 46 hivi, na kilo moja ya mkaa 28 hadi 30. Ukiziangalia namba hizo peke yake, mkaa hauonekani kuachwa mbali. Tofauti iko kwenye jiko. Kichomeo cha gesi kinafikisha kwenye sufuria zaidi ya nusu ya joto lake. Jiko la bati la kawaida, lile la fundi wa pale sokoni, linafikisha asilimia 10 hadi 20 tu, na lililobaki linapasha hewa, ukuta na shingo ya mpishi.

Ukijumlisha yote hayo, mtungi wa kilo 6 unafanya kazi ya mkaa wa kilo 30 hadi 35 kwenye jiko la bati. Kwenye jiko banifu zuri, lenye udongo ndani na mlango unaofungika, unafanya kazi ya kilo 17 hivi.

Sasa weka bei zako. Mimi nitatumia za mfano. Tuseme kujaza mtungi mdogo ni shilingi 25,000, na gunia la mkaa la kilo 50 ni 45,000, yaani 900 kwa kilo.

Anayenunua gunia na kupikia jiko la bati: kilo 35 zinamgharimu 31,500. Kwake gesi ni nafuu kuliko mkaa.

Anayenunua gunia na kupikia jiko banifu: kilo 17 ni 15,300. Huyu, tuambiane ukweli, mkaa bado ni rahisi kwake kifedha, hasa kwenye mkoa kama wetu ambao mkaa hautoki mbali. Akihamia gesi, anahamia kwa sababu ya moshi, masizi, muda na macho yake, na hizo ni sababu tosha. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja vifo 33,000 kwa mwaka nchini vinavyohusishwa na moshi wa kuni na mkaa.

Anayenunua kwa kopo: chukua kopo lako la mkaa la shilingi 1,000, lipeleke kwa muuza nafaka mwenye mizani. Likipimwa gramu 800, unanunua mkaa kwa 1,250 kwa kilo. Kilo 35 zinafika 43,750. Huyu ndiye anayelipa ghali kuliko wote mtaani, na ndiye gesi ingemfaa zaidi. Shida yake ni kwamba elfu moja anaipata kila siku, ila elfu 25 kwa mkupuo haipati.

Kwa familia ya watu watano inayopika kila kitu kwa gesi, mtungi mdogo unaenda siku 20 hivi. Gawanya 25,000 kwa 20, inakuja 1,250. Ukitenga 1,300 kila siku kwenye kibubu au kwenye laini ya simu isiyoguswa, mtungi ukikata una hela ya kujaza na chenji ya chumvi. Ukiona 1,300 kwa siku haiwezekani, gesi iwe ya chai, uji wa watoto na kupasha kiporo, na jiko banifu libebe maharage. Kwa mpango huo wengi wanavuka mwezi na kuendelea.

Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge wana kalenda yao: pesa inaingia kwa mkupuo masoko yakifunguliwa, kisha miezi mingi mikavu. Kwa nyumba ya namna hiyo nashauri ujazo mmoja ulipwe mapema kabisa. Yaani pesa ya tumbaku ikiingia, nunua mtungi wa pili kwa bei ya dukani, uujaze, uuweke stoo isiyo na moto wala jua. Bei ya dukani ya mtungi mpya inauma, lakini mwezi wa pili masika yakipandisha bei ya mkaa mtakuwa na pa kushika.

Kupata nafasi kwenye mgao

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, kisha mtendaji wa kata. Mgawo unapita kwa mkuu wa wilaya na halmashauri hadi kata, na kampuni ya gesi iliyopewa mkataba ndiyo inayoleta gari. Mradi unalenga zaidi vijijini na pembezoni mwa miji, kwa hiyo mtu wa Ndevelwa, Misha au Ikomwa ana nafasi nzuri kuliko wa Gongoni anayeamka anatazamana na Soko Kuu.

Maswali ya kuuliza ofisini ni manne, na ukiyauliza yote kwa mpigo mtendaji atajua hutaki kuzungushwa. Kampuni gani imepewa wilaya hii? Inauzia wapi na tarehe gani? Bei ya mwananchi ni shilingi ngapi? Na wakala wake wa kujaza aliye karibu na kwetu ni nani? Hili la mwisho watu hulisahau, na ndilo linaloamua kama mtungi utakuwa jiko au stuli. Maduka mengine hupokea mtungi wa kampuni nyingine na kukupa wa kwao, mengine hukataa, mengine hudai nyongeza. Kama wakala wa karibu wa kampuni ile yuko Nzega mjini nawe uko ndani huko Puge, ongeza nauli ya bodaboda kwenye ile hesabu ya juu uone kama bado inakaa sawa.

Utahitaji kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA, ile ya tarakimu 20 inayoanza na mwaka wako wa kuzaliwa. Kadi yenyewe si lazima iwe imetoka. Namba inatosha, ilimradi ni yako. Iandike kwenye karatasi, maana simu ikizima chaji kwenye foleni hakuna wa kukusubiri. Nyumba moja seti moja, kwa hiyo kubalianeni nyumbani nani anajiandikisha. Nashauri awe anayepika.

Kuhusu matapeli: hakuna ada ya usajili inayotumwa kwa simu ya mtu. Ukipigiwa na anayejiita ofisa wa mradi, anakutajia jina lako na la kata yako kisha anataka elfu tano "ya kufungua faili", kata simu, mwambie mtendaji. Malipo yanafanyika mtungi ukiwa mbele yako, na unapewa risiti.

Pale garini au dukani

Usiondoke kwa furaha kabla ya kuangalia mambo yafuatayo. Hakuna atakayekukasirikia, na akikasirika mwache akasirike.

Kwanza uzito. Kwenye kola ya mtungi, lile pete la chuma linalozunguka valvu, umegongwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi ukitanguliwa na herufi TW. Jumlisha 6. Kama imeandikwa 7.2, mizani isome 13.2. Muuza gesi anatakiwa kuwa na mizani dukani. Mazungumzo huwa kama haya niliyoyasikia kwenye duka moja la kando ya barabara ya Nzega:

"Shikamoo mama. Huu umejaa, sili yake hii hapa."

"Marahaba mwanangu. Weka kwenye mizani."

"Mama, sili haijaguswa lakini."

"Sijasema umeigusa. Weka."

Kijana akaweka. Mama akainama, akafuta vumbi kwenye kola kwa kidole gumba, akasoma namba mara mbili kwa sauti, akajumlisha, akatazama mizani. Ilipungua gramu 400. Kijana akaurudisha ule, akatoa mwingine bila kubishana, na huo ukafika. Sili ikiwa nzima inakuonyesha kwamba hakuna aliyefungua njiani. Haikuonyeshi kwamba kiwandani au ghalani waliujaza sawasawa.

Pili, hali ya mtungi. Kutu ya juujuu si neno, ila kutu iliyokula chuma, tumbo lililobonyea au kitako kilichopinda ni vya kukataa. Angalia pia raba ndogo nyeusi ndani ya mdomo wa valvu. Ikiwa imepasuka au haipo, gesi itavuja hata ukikaza kichomeo kwa nguvu za ng'ombe wa plau.

Tatu, kichomeo. Kisokote pale pale, kiingie bila kulazimishwa, na kitufe chake kizunguke. Mara nyingi mtungi unafaa na kichomeo ndicho kibovu, na ukishafika nyumbani Sikonge hakuna wa kukubadilishia.

Nne, risiti. Idai ile ya mashine, iwe na bei uliyolipa. Ipige picha, maana karatasi zile hufutika maandishi zikikaa juani.

Kuufunga nyumbani

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni, chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Kwa hiyo tundu la hewa la jikoni lazima liwe chini pia, usawa wa sakafu. Nyumba zetu nyingi za chumba na sebule zina dirisha la juu tu, na mlango umezibwa chini kwa tambara ili panya na vumbi visiingie. Tambara hilo litoke wakati wa kupika.

Mtungi ukae wima, mahali tambarare, mbali na jiko la mkaa linalowaka. Usiuweke kwenye chumba cha kulala. Kama chumba ni kimoja na huna pengine, utoe nje usiku valvu ikiwa imefungwa, mahali penye kufuli.

Kupima uvujaji ni kazi ya dakika mbili: koroga sabuni ya unga kwenye maji kidogo hadi itoe povu, paka kwenye shingo ya mtungi na kwenye maungio ya kichomeo, fungua valvu, tazama. Mapovu yakikua, funga, kaza, pima tena. Yakiendelea, rudisha mtungi. Usipime kwa kiberiti, hata kama jirani anasema amefanya hivyo miaka yote. Harufu kali ile kama ya kitu kilichooza imewekwa makusudi, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu. Ukiisikia usiku usiwashe taa wala kuzima, usiguse swichi wala simu. Fungua milango, funga valvu, toa watu. Ukishafika nje, mbali kidogo, Zimamoto ni 114.

Kuwasha kwa kichomeo kisicho na kiwashio: njiti iwake kwanza, ndipo ufungue gesi kidogo. Watoto wafundishwe mapema kwamba kifundo kile si cha kuchezea. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima gesi na funika kwa mfuniko au kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Maji hapana.

Mtungi ukikaribia kwisha kuna wanaoulaza, kuutikisa au kuuweka kwenye beseni la maji ya moto ili "ukamuliwe". Acha. Ukiulaza, gesi ikiwa bado majimaji inaweza kuingia kwenye kichomeo ikatoka na moto mrefu hadi darini.

Na jambo la baridi. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba Tabora kunapoa, na kuna nyumba zinazoingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Mkaa unaofukuta ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu huishia usingizini. Wala gesi si ya kupashia chumba. Blanketi la pili ni nafuu kuliko vyote.

Kipi kipikwe kwa gesi

Chakula chetu ndicho kinachovunja bajeti ya gesi, na vitabu vya mapishi vya Dar havikusaidii hapa. Wali wa mchele wa Igunga, mlenda, dagaa, mayai, chai, uji: vyote vya haraka, vipe gesi. Ugali unakwenda vizuri, ila kichomeo cha kusokota juu ya mtungi kinayumba ukisonga ugali wa watu wengi. Weka sufuria chini kwenye kata ya kitambaa uusongee hapo, au pika kiasi kidogo.

Maharage, kande, makongoro na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni kesi nyingine. Maharage makavu yanaweza kukaa motoni saa mbili na zaidi. Yaloweke usiku mzima, mwaga yale maji, yachemshe, kisha punguza moto hadi yatokote tu. Maji yanayotokota polepole yana joto lilelile la yanayoruka, ile gesi ya ziada inapotelea kwenye mvuke. Funika sufuria kila wakati. Pika ya siku mbili kwa pamoja. Michembe iliyokauka hasa nayo iloweke kabla, halafu ichemke na karanga zako mwishoni, zisikae motoni tangu mwanzo.

Na kuna kapu la kuivishia: chemsha maharage yaliyolowekwa dakika 20 au 30, yatoe motoni yakiwa yanachemka na mfuniko wake, yatumbukize kwenye kapu lililojazwa matambara, pamba za godoro kuukuu au majani makavu ya mgomba, funika kwa blanketi. Baada ya saa nne au tano utamalizia kwa moto kidogo tu. Bibi zetu wengine walifanya hivi kwa kufukia chungu kwenye majivu ya moto.

Kama una umeme, usiruke sehemu hii

Watu wanaambiwa umeme ni ghali kupikia, na kwa jiko la koili hilo ni kweli. Kwa jiko la presha la umeme, si kweli. Kupika maharage kwenye presha ya umeme kunatumia karibu nusu uniti.

Sasa angalia uko kundi gani la TANESCO. Walio kwenye kundi la matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za mwanzo za mwezi. Ukiweka kodi na tozo inakuwa 122, ndiyo maana uniti 75 ni shilingi 9,150. Kundi la kawaida ni 292 kwa uniti, ikiwa na kodi na tozo inafika 356 hivi. Kwa hiyo maharage ya nusu uniti yanaiva kwa shilingi 61 kwa wa kundi dogo, na kwa 178 kwa wa kundi la kawaida. Linganisha na kopo la mkaa.

Mtego uko kwenye zile 75. Wa kundi dogo akizivuka, uniti zinazofuata ni 350 kabla ya kodi, na akiendelea kuvuka mwezi baada ya mwezi atahamishwa kundi. Basi tazama historia yako ya LUKU kwanza. Nyumba inayotumia uniti 40 kwa mwezi kwa taa, simu, redio na friji ndogo ina nafasi ya uniti 35. Kupika maharage, wali na nyama kwa presha kila siku kunaweza kula 20 hadi 30. Inaingia. Nyumba iliyo tayari kwenye 70 haina nafasi, na kwake presha iwe ya mara mbili tatu kwa wiki.

Kwa wa vijijini ambaye hajaunganishwa, kuunganishwa chini ya miradi ya REA ni shilingi 27,000. Ningekuwa na shilingi za kufanya jambo moja tu kati ya mtungi na umeme, na nguzo iko mlangoni, ningevuta umeme, kisha nikaisaka presha taratibu.

Presha hizo zinauzwa dukani kwa bei zinazopishana sana. Chukua ya lita 5 au 6, waiwashe mbele yako, na uangalie kama raba ya mfuniko inapatikana kama kipuri. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, usifungue, maharage yanaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe.

Ukikosa mgao

Ulizia majiko banifu ya ruzuku. REA inayo pia, na punguzo lake huwa kubwa kuliko la gesi. Yasipofika kwenu, jiko zuri la mkaa la kununua kwa fundi litapunguza matumizi ya mkaa karibu nusu. Kagua udongo wa ndani: ugonge kwa ukucha, ulie kama chungu kilichoiva, usitoe unga. Mlango wa majivu ufungike kweli. Jiko lisilofungika mlango halina tofauti na la bati ila bei.

Mama lishe na shule

Kwa mama lishe mtungi wa kilo 6 ni wa chai na mayai, haumfai kwa kazi nzima. Kilo 15 au 38 kwa kikundi, mkijaza kwa zamu, ndiyo saizi yake, na mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kununua vifaa hivyo kama mmesajili kikundi. Shule na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziko chini ya katazo la serikali la kuni na mkaa. Utaratibu wao ni wa halmashauri na REA moja kwa moja, mzazi asichangishwe mtungi mlangoni bila barua.

Mambo yakienda mrama

Mtungi uliopungua uzito uripoti kwa Wakala wa Vipimo, WMA, wenye ofisi mkoani. Duka linalokataa kupima, linalouza mitungi mibovu au linalojazia gesi mtaani kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo liripoti kwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambao ofisi yao ya Kanda ya Magharibi iko hapa Tabora. Kuuziwa mtungi wa ruzuku kwa bei ya juu kuliko iliyotangazwa, au kuambiwa utoe kitu kidogo ili uandikwe, anza kwa mtendaji. Akiwa yeye ndiye tatizo, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya.

Popote uendako, peleka nakala ya risiti, picha ya kola ya mtungi namba zikisomeka, na tarehe ya kununua. Mtungi ukiwa umeshatumika wiki mbili hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba ulikuwa pungufu, kwa hiyo upime siku hiyohiyo, hata kama ni kwa kuazima mizani ya muuza mpunga kabla ya kupanda bodaboda.